Tambi za Zamu Yetu

Kwetu tambi hazikuliwa kwa sukari. Watu wengi wa mjini huzipika kwa tui, iliki na sukari, wakazila asubuhi ya Sikukuu au wakazifuturia. Mama yangu alizipika kwa kuku. Kuku alichemshwa kwa tangawizi na kitunguu thomu mpaka nyama ikaanza kuuacha mfupa, akatiwa tui la pili, zikafuata tambi, na mwisho kabisa likaja tui la kwanza, lile zito. Hapo Mama hakuondoka tena jikoni hata angeitwa na nani. Alikoroga polepole, upande mmoja tu, sufuria ikiwa wazi, mpaka mchuzi ukawa mweupe na mzito, ukashika mgongo wa upawa. Tui zito likiwa motoni halifunikwi. Ukilifunika hukatika, maji yakaenda upande wake na mafuta upande wake, na hakuna dawa.

"Tui kama mume," alikuwa akisema. "Ukilipa mgongo, limekatika."

Alilisema hilo kwa kucheka, zamani Baba alipokuwa na mke mmoja. Baba alipooa wa pili Mama aliendelea kulisema, ila bila ya kucheka.

Baba ni fundi wa kanzu. Duka lake liko Mlandege, ukishavuka Darajani, na mke wa pili alimpata huko huko. Alikuwa mwanamke kijana, asili yake Tumbatu, aliyekuwa akishona kofia nyumbani na kuzileta dukani kwa Baba ziuzwe. Kofia zikaletwa, zikaletwa, mwisho akapelekewa posa. Sisi tulibaki mjini, katika ghorofa tuliyoachiwa na nyanya yangu, mimi na Mama peke yetu, kwa sababu sikuwa na ndugu. Yule mke wa pili alikaa katika nyumba ya chini nyuma ya duka. Baba akagawa zamu: siku mbili kwetu, siku mbili kule. Siku ya kwanza ya zamu yetu ndiyo ilikuwa siku ya tambi.

Lazima niseme habari ya firigisi. Kuku ana firigisi moja tu. Kwetu iliwekwa juu kabisa katika bakuli la Baba, na Baba aliikata nusu kwa meno, nusu ya pili akanitia mkononi bila ya kunitazama, huku akizungumza mambo mengine na Mama. Sijui ilianza lini. Nadhani kabla sijaota meno. Hata nilipokuwa mkubwa, nimeshatoka skuli na kuvaa buibui, bado nilikuwa nikikaa pembeni ya mkeka na birika la maji ya kunawa, nikingoja. Mimi si msemaji. Mgeni akija mimi hujificha nyuma ya pazia mpaka aondoke. Lakini nusu ya firigisi ile ilikuwa yangu, sikuwa na haja ya kuiomba.

Basi mwaka ule, kabla ya mambo ya vyama vya siasa kuingia, watu kwenye mabaraza walipokuwa bado wakizungumza mpira na wake za wenzao, Baba alianza kuja kwetu ameshiba.

Mara ya kwanza Mama alimtandikia mkeka, akamfunulia kawa la ukili lililofunika bakuli, mvuke ukapanda. Baba akashika tumbo.

"Nshakula," alisema.

"Umekula wapi?"

"Nilipitia pale kuchukua uzi, akanitilia kidogo. Sasa nikatae chakula?"

Alikula matonge matatu kwa adabu, akanawa. Firigisi ilibaki juu ya bakuli kama ilivyowekwa. Mama aliitazama, akaniambia niile. Sikuila. Nilimpa paka.

Kwa sheria ya zamu, siku yetu ni yetu tangu jua linapozama, na tumbo la Baba limo katika hesabu. Mama angeweza kumwambia. Angeweza kwenda kwa wazee wake. Hakufanya hivyo. Alisema ugomvi wa chakula ni aibu, mtu huonekana mlafi. Akazidi kupika. Akaongeza mdalasini, akabadilisha muuza nazi, akachagua kuku walionona. Baba akawa anakuja na lile lile neno. Nshakula. Nilifika mahali nikawa nalisikia kabla hajalisema, tangu kanzu yake inapogusa ngazi. Kanzu yenyewe ilikuwa na harufu ya samli.

Mama alikuwa na wivu wake, lakini alijua kuukunja na kuuweka kabatini. Mimi sikujua. Mimi ulinila. Nilikuwa nikichambua mchele namfikiria yule mwanamke. Nikichota maji namfikiria. Nilikuwa sijamwona uso isipokuwa siku ya harusi kwa mbali, na nilijifanyia sura yake mwenyewe: mnene, mwenye midomo, anayecheka kwa sauti na kumlisha Baba kwa mkono.

Sikukuu ilipofika Baba alisema lazima niende nikampe mkono mama yangu mdogo. Mama akaniambia, "Nenda. Uwe na adabu. Na usile sana."

Nikaenda nyuma ya Baba, buibui nimelivuta mpaka puani. Yule mwanamke hakuwa mnene. Alikuwa mwembamba, ana mwanya, na sauti yake ndogo kama yangu. Hilo lilinichukiza zaidi.

"Shikamoo," nilimwambia.

"Marahaba, mwanangu. Njoo jikoni, tusikae barazani kama wageni. Wewe si mgeni hapa."

Baba alikwenda kuzungumza na watu nje. Mimi nikakaa juu ya kigoda, nikamtazama akipika. Kulikuwa na kuku juu ya seredani ya makaa, tayari amekwiva. Akateleka chungu kingine, akatia samli, akachukua tambi kavu akazivunjavunja na kuzitia mle. Nilishtuka. Tambi kavu ndani ya samli! Alizigeuza na kuzigeuza kwa mwiko mpaka zikawa rangi ya asali, na harufu iliyotoka nilikuwa naijua. Ndiyo iliyokuwa ikipanda ngazi zetu katika kanzu ya Baba. Kisha akazimwagia mchuzi wa kuku na tui, zikalia chwaa, akafunika, akaniuliza habari za nyumbani. Nilimjibu "naam" na "hapana" mpaka maswali yakamwisha.

Alifunika, nasema. Kwa hiyo tui lake lilikatika kidogo. Niliona mafuta yakielea pembezoni, nikafurahi.

Lakini nilipotia tonge mdomoni furaha ikaondoka. Zilikuwa tamu. Tambi zile hazikuwa laini tu kama za Mama, zilikuwa na utamu wa kukaangwa ndani yake, kila moja peke yake, na ulimi ulitaka nyengine kabla ya ile kumezwa. Nilikula nikiwa na hasira. Nilikula mpaka nikaona chini ya sahani.

Kisha Baba akachukua firigisi kutoka juu ya bakuli lake. Akaikata nusu kwa meno. Nikanyoosha mkono, si kwa kufikiri, mkono uliinuka wenyewe. Na Baba, huku akizungumza habari ya bei ya kitambaa cha bafta, akaitia ile nusu katika kiganja cha mkewe.

Nikaugeuza mkono wangu nikachukua kata ya maji, kana kwamba ndiyo niliyokuwa nikiitaka.

Nyumbani Mama aliniuliza, "Umekula nini?"

"Tambi."

"Zikoje?"

"Za kawaida."

Alinishika mkono, akavinusa vidole vyangu, akauachia.

Haikupita muda mrefu, jamaa yetu mmoja akafiwa Tunguu, na ikasadifu siku ya hitima ndiyo siku ya kwanza ya zamu yetu. Mama alivaa buibui asubuhi kuwahi gari la shamba.

"Leo utapika wewe," alisema. "Yule pora mchinjishe. Tambi zimo kabatini, nazi zimo chini ya kitanda. Unajua, umeniona siku zote. Tui usilifunike. Nitarudi kabla ya Magharibi, inshallah."

Sikuwahi kupika chakula cha zamu peke yangu. Nilikaa chini kwanza. Kisha nikamkamata yule pora, jogoo mchanga ambaye alikuwa bado hajajua kuwika vizuri, nikashuka naye.

Mwanamke kwetu hachinji, na kwa hiyo ilinibidi kuzungumza na mwanamme. Chini ya nyumba yetu hukaa muuza kahawa. Nilimnyooshea kuku bila ya kusema kitu.

"Aa, leo zamu yenu!" alisema, na watu wote wa barazani wakageuka. "Mpe salamu baba'ako. Mwambie apunguze njia, atachakaza viatu."

Wakacheka. Mmoja akasema, "Viatu si kitu, tumbo ndilo litapasuka!" Nilipanda ngazi na kuku anayechuruzika damu, masikio yakiniwaka moto. Kumbe mtaa mzima unajua kwamba Baba huja kwetu ameshiba.

Pale ndipo nilipoamua. Kabla ya hapo labda ningepika kama Mama.

Nilimnyonyoa kuku, nikamkata, nikamsugua ndimu na kumteleka kwa tangawizi na thomu. Nilikaa juu ya mbuzi nikakuna nazi mpaka bega likafa ganzi. Nikakamua tui la kwanza katika bakuli, nikalifunika kitambaa, nikatia maji nikakamua la pili. Kuku alipokaribia kuiva, nikateleka sufuria nyengine, nikatia samli, nikatia tambi kavu.

Harufu ikatoka. Harufu ya kule, ndani ya jiko la mama yangu. Nilikwenda kufunga mlango wa ngazi kama mwizi.

Nilizigeuza mpaka zikawa rangi ya asali, na kwa hofu nikaziondoa mapema kidogo kuliko yeye. Nikatia mchuzi, tui la pili, iliki, pilipili manga. Kisha likaja tui zito. Hapo nilifanya kama Mama. Sikulifunika. Nilikoroga upande mmoja, upande mmoja, jasho likinidondoka, na muadhini wa Alasiri alipoadhini sikusikia mpaka mwisho. Halikukatika. Lilishika mgongo wa upawa. Nilionja kwa ncha ya kidole na nikajua, wala sioni haya kuliandika, kwamba zilikuwa zimeshinda zile za kule, na za Mama pia.

Niliweka bakuli la Baba chini ya kawa, firigisi juu.

Magharibi iliingia, Mama hajarudi. Baba akaja. Nilisikia kanzu kwenye ngazi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mama yako yuko wapi?"

"Bado Tunguu."

"Basi usijisumbue, mwanangu. Mimi nsha..." Akasimama. Akavuta pumzi kwa pua. "Nini hicho?"

Nilimwelekeza kwenye mkeka kwa kidole. Akavua viatu, akakaa. Nilikuwa nikimmiminia maji ya kunawa Mama alipoingia na vumbi la njia mpaka kwenye nyusi, akihema. "Gari liliharibika," alisema, na kabla hajavua buibui Baba alifunua kawa.

Alizitazama zile tambi, kahawia ndani ya tui jeupe. Uso ukamfunguka wote.

"Alaa! Mwenzio kakuletea?"

Mimi nilikuwa nimeshika birika. Lazima nieleze, kwa ambaye hajui nyumba za wake wawili, kwamba wake wenza wakipatana hupelekeana sahani. Ni dalili. Mume akiiona sahani ya nyumba ile katika nyumba hii hushukuru Mungu. Kwetu dalili hiyo ilikuwa haijaonekana hata mara moja, na Baba, kuona tambi za kukaanga, hakufikiri jengine. Nani mwengine duniani anayepika hivyo?

Mama aliangalia bakuli. Akaniangalia mimi. Nilitaka aseme. Neno lilikuwa kooni mwangu, nimepika mimi, maneno mawili tu, lakini mtu mwenye haya hata maneno mawili humchukua muda, na muda ule Mama aliuchukua.

"Kaniletea," alisema. "Kula, bwana, zisipoe."

Baba akala. Aliyekuwa ameshiba akala! Akaongezwa, akala. "Yule mwanamke ana mkono," alisema. "Na leo kazidi. Tui hili, angalia, halijawahi kumwiva hivi." Akala tena. "Nimefurahi, wallahi. Nyumba zikipelekeana sahani, mwanamme hulala usingizi." Alipoifikia firigisi aliila nzima kwa ile furaha yake, mkono wangu ukiwa pale pale na birika.

Siku nzima nilikuwa nimemwonea wivu yule mwanamke kwa kazi ya mkono wake. Sasa ilibidi nimwonee wivu kwa kazi ya mkono wangu.

Baba alipokwenda msikitini kusali Isha, Mama alikuja jikoni. Akachukua mwiko, akauramba, akaufikiria.

"Nani kakufundisha kukaanga tambi?"

"Nimeona tu."

"Kule?"

"Kule."

"Na tui?"

"Lako."

Aliramba tena. Nikamuuliza, nikiwa nalia sasa, "Mbona hukumwambia ni mimi?"

"Ningemwambia nini? Kwamba katika nyumba yangu tunamwigiza mwenzangu ili chakula chetu kiliwe?" Akaweka mwiko. "Sasa subiri. Kesho kutwa atakwenda kule kumshukuru kwa sahani ambayo hakuileta. Hapo atacheka, yeye na shoga zake, kicheko kitafika Nungwi."

Sikuwa nimefikiria hilo. Siku mbili za zamu ya kule tulizikaa kama watu wanaongoja habari ya mgonjwa. Nilikuwa nikisikia kicheko kila kilipotokea mtaani, na kila kicheko nilikiona chetu.

Zamu yetu iliporudi Baba alipanda ngazi kwa uso wa kawaida. Alikaa, akavua kofia, akasema kama mtu anayetaja hali ya hewa:

"Mwenzio kaulizia sahani yake. Anasema haijarudi."

Mama aliuliza, "Kasema hivyo?"

"Kasema hivyo. Nilipomshukuru aliinama, akasema si kitu. Leo asubuhi ndiyo kauliza sahani."

"Mwambie inakuja," alisema Mama.

Jikoni alishika mdomo kwa upande wa kanga. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko kile cha zamani. "Sahani yake!" alisema. "Sahani ipi? Sijui ananichezea au ananisitiri."

"Anakuchezea," nilisema mimi.

"Vyovyote. Sahani ya mtu hairudi tupu."

Siku ya pili alitoa kabatini sahani moja ya maua, katika zile zilizoachwa na nyanya, ambazo mimi nilikuwa sijaruhusiwa hata kuzipangusa peke yangu. Akapika tambi za kuku kwa njia yake, nyeupe, bila ya kukaanga, tui limekaa kama hariri. Akazipakua, akafunika kawa, akafunga kitambaa.

"Peleka. Mwambie sahani yake hii."

"Ile ya nyanya?"

"Peleka, nimesema."

Nilivuka Darajani nimeikumbatia sahani, moto ukipenya buibui mpaka tumboni. Ndani mlikuwa na paja la kuku, nililiona likitiwa. Mimi nyumbani nilikuwa nimeachiwa bawa. Nilifikiri mara nyingi kukaa mahali nikalila lile paja, na kama ningekuwa najua mahali pa mwanamwali kukaa njiani bila ya kuonekana, labda ningelila.

Alikuwa peke yake, anashona kofia. Aliponiona na sahani akaweka sindano chini.

"Mama anasema sahani yako hii."

Akafunua. Akaiangalia sahani ya maua kwa muda mrefu kuliko chakula. Kisha akanawa, akatia tonge, akafumba macho.

"Hizi kapika mama yako."

"Naam."

"Na zile?"

Niliitazama sindano aliyoiweka chini.

"Zile, mwanangu, zilizonitia mashaka. Wajua nlifanyaje mie? Baba'ako kaingia hapa ananishukuru, tambi hivi, tui vile. Mie sikupeleka hata chumvi! Nkamwambia si kitu, huku moyo unanichoma. Nkasema ndani kwa ndani, huyu kishaoa wa tatu. Kapata mwengine anayezijua tambi zangu, na tena kanishinda tui, keshachanganyikiwa hajui kala nyumba ipi." Akapiga kiganja pajani. "Sikulala! Mpaka asubuhi ya pili ndiyo nkasema, wacha niulize sahani. Kama ni kwenu itarudi. Kama si kwenu, ntajua."

Alicheka, mwanya ukaonekana. Mimi sikucheka, lakini kitu kilinilegea kifuani. Alikuwa amelala macho kwa wivu, na wivu ule nilimpa mimi.

"Nilipika mimi," nilisema.

Ndiyo mara ya kwanza nililitamka, na nililitamka kwake, sijui kwa nini.

"Wewe?" Alinitazama kutoka juu mpaka chini. "Wewe uliyekaa pale kwenye kigoda unasema naam, naam?" Akatikisa kichwa. "Basi nifundishe tui. Langu hukatika, wala sijui sababu."

Nilijua sababu. Ilikuwa kifuniko tu. Nilisimama pale, naye ananitazama kwa macho ya kuomba, na nikahisi jinsi inavyokuwa mtu akiwa na kitu ambacho mwenzake hana.

"Mama ndiye anayejua," nilisema, nikaaga.

Zamu iliyofuata Mama aliniambia nipike mimi, kwa njia yangu. Alikaa kwenye mkeka jikoni akichambua choroko, hakunyanyuka, hata tui zito lilipoingia. Baba alikuja na njaa. Alisema mwenyewe kwenye ngazi, "Leo sikula mahali."

Akafunua kawa. "Aa! Kaleta tena?"

"Hakuna aliyeleta," alisema Mama. "Kapika mwanao. Na zile za siku ile kapika mwanao."

Baba akabaki na mkono juu ya bakuli. Alimtazama Mama, akanitazama mimi nyuma ya birika.

"Huyu?"

"Huyu."

"Na mwenzio mbona alipokea shukrani?"

"Muulize yeye. Mambo ya wanawake hayo, bwana. Kula."

Akala polepole kuliko siku ile. Sasa alikuwa anazionja. Akaichukua firigisi, akaikata nusu kwa meno, na safari hii alinitazama usoni aliponitia nusu yangu mkononi. "Mkono wako unajua kazi," alisema. Niliila palepale, nikatamani asiseme kitu zaidi usiku ule, abaki hivyo hivyo, kwetu, ameshiba kwa chakula chetu.

Lakini alinawa, akapangusa ndevu, akasema:

"Mtilie na mama yako mdogo kidogo. Asubuhi nitampitishia nikienda dukani. Atafurahi."

Mama alinitazama kuona nitafanya nini. Nilikwenda jikoni, nikachukua sahani ya kawaida, si ya maua. Nikamtilia tambi nyingi na tui jingi, asije akasema tuna choyo. Nyama nikamtilia shingo.